Mwenye Aliendesha Boti ya Nzilo

Jumapili

Leo tulivuka ziwa ya Nzilo na boti ya motere, tukienda ndoa ya binamu yangu. Katikati, mawimbi ikatupiga. Mi nikafunga macho. Mama mumoja muuza samaki akanicheka. Kapiteni, tata mupole, mutu muzima mwenye hakusema kitu njia yote, akapaza sauti:

"Fungua macho, ndugu! Pumua polepole, niko hapa!"

Sauti ile niliijua. Mwaka jana kule Kasulo, kwenye machimbo, shimo ilipotufunika, mutu alinichimbua na mikono akisema maneno ile ile. Sura yake sikuiona, niliamuka hospitali.

Tulipofika ng'ambo nikamuuliza kama alikuwa kule Kasulo. Alinitazama sana.

"Ni wewe? Nilikuwa natafuta mudogo yangu. Nilifikia wewe kwanza. Yeye sikumufikia."

Halafu akauliza kama nilimusikia mudogo yake mule chini.

"Nilimusikia, tata. Alikuwa anatuambia: 'Mukubwa yangu anakuja.' Na ulikuja."

Akakaa pale kwenye muchanga, akalia bila kujificha mbele ya batu yote. Yule mama wa samaki akaacha kitunga yake, akakaa naye.

Ndoa walianza bila mi.