Wanadhani Mtambo Unajiendesha Wenyewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujanikasirikia, maana najua utanikasirikia.

Mimi ni mwanamke, mtu wa takwimu katika benki ya damu ya hospitali kubwa, kazi yangu ni kuhakikisha skrini za ukutani kule wodini na kwenye upasuaji zinaonyesha tuna damu kiasi gani ya kila kundi, ili daktari akiinua macho ajue kama ipo au aanze kutafuta kwingine, na zamani hesabu hizo nilizitengeneza kwenye kompyuta yangu ya mezani, nafungua programu asubuhi, nabonyeza kitufe cha kuvuta data mpya, na kabla chai haijapoa kila kitu kimekaa sawa. Mwaka jana mkuu wa kitengo akaamua tuhamie kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, akasema huko data itajivuta yenyewe bila mkono wa mtu, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuhamisha, nikahamisha, nikapigiwa makofi kikaoni.

Sasa mshauri, kule kwenye wingu kazi ile ile ya dakika chache inachukua masaa, kwa sababu kompyuta yangu iko chumba kimoja na seva yenye kumbukumbu zetu, lakini wingu liko mbali, linavuta kila kitu tangu benki ifunguliwe, tena kwa intaneti yetu hii ya kusuasua, na mara nyingi muda linaoruhusiwa unaisha kabla halijamaliza, linaacha, na skrini zinabaki na hesabu za jana. Nilipogundua nikaona aibu kusema, nikaanza kuwahi kazini kabla ya wenzangu, nabonyeza kwenye kompyuta yangu, kisha napandisha matokeo kule juu, na watu wote wanadhani mtambo unajiendesha wenyewe. Likizo sichukui, na hata harusi ya rafiki yangu nilifika watu wanakunja viti.

Mwezi uliopita homa ilinilaza, sikufika, na asubuhi ile skrini ikaonyesha damu ambayo ilikuwa imeshatumika, muuguzi akamtuma mhudumu akaifuate kwa ajili ya mama aliyekuwa ametoka kujifungua, mhudumu akarudi mikono mitupu, na yule mama alinusurika kwa sababu tu mdogo wake alikuwa nje kwenye benchi na damu yake ikamfaa. Mkuu akasema ni intaneti, mimi nikanyamaza.

Na sasa baba yangu yuko hoi huko nyumbani, safari ya kutwa nzima, kaka yangu amepiga simu jana akaniambia, "Baba anasema uje akiwa bado anakutambua." Nikienda, nani atabonyeza? Nikisema ukweli, kazi sina, na nisipoenda sijui nitaishi vipi na nafsi yangu. Nifanye nini?

Ni mimi, Niliyefungwa na Kitufe.

*

Binti yangu,

Pole kwa baba. Nimeanza na hilo kwa sababu yanayofuata si matamu.

Kitufe hakijakufunga. Kilichokufunga ni yale makofi. Ulionja sifa, ukaona heri uamke alfajiri mwaka mzima kuliko kusema neno moja, "Imeshindikana." Na siku ya yule mama ulikuwa na nafasi ya kulisema, ukaiachia intaneti lawama. Kama mdogo wake angekuwa ameenda kunywa maji, leo ungeniandikia barua nyingine. Nimekasirika, ndiyo, ulijua.

Nimemuuliza mpwa wangu, anayefanya kazi kama yako. Akashangaa: damu iliyotumika miaka iliyopita imebadilika nini hata ivutwe upya kila siku? Ya zamani ibaki huko huko juu, wingu livute yaliyobadilika tu. Kompyuta yako iliubeba mzigo wote kwa sababu seva ni jirani yake. Anasema ni kazi ya siku chache kwa mtu anayeijua, na wewe kama huijui unaomba mtu. Lakini utamwomba vipi, na umeshawaambia wote kwamba hakuna kilichoharibika?

Basi leo, si kesho, ingia kwa mkuu wako, funga mlango, mweleze yote, pamoja na habari ya yule mama. Usimwandikie, mtazame usoni. Anaweza kukufokea, anaweza hata kukuachisha, siwezi kukudanganya. Ukitoka hapo, kwenye kila skrini weka kwa herufi kubwa saa ambayo data ilivutwa kutoka kwenye seva, usiweke saa uliyopandisha wewe. Daktari akijua hesabu ni za jana atapiga simu kuuliza. Ni yule anayedhani ni za leo ndiye asiyepiga. Kisha mketishe mwenzako kwenye kiti chako, mwonyeshe unavyovuta na unavyopandisha, abonyeze yeye huku umesimama nyuma yake. Utaumia kidogo kuona ni kazi rahisi.

Halafu panda gari, binti yangu. Mara ya mwisho ulimwona lini baba yako? Hukuniambia, na nadhani najua kwa nini. Kubonyeza, mwenzako ataweza. Kuketi kando ya kitanda kile na kumshika mzee mkono, hakuna wa kukushikia zamu.

Nenda akiwa bado anakutambua.