Mwaka Uliouacha Mfukoni

Papa wangu,

Nakuandikia nikiwa na pete kidoleni. Naitazama hata ninapokaanga mayai, na Issa ananicheka. Nimeolewa, Papa. Kila asubuhi naamka kabla yake ili nimwone tu alivyolala, mdomo wazi kidogo, na moyo unanijaa hadi naogopa kupumua nisije nikamwamsha. Furaha yangu isingekuwa na kivuli hata kidogo, kama usingekuja arusini.

Unakumbuka karatasi zako? Lubumbashi ulikuwa mwalimu wa historia. Hapa Brussels ulisafisha ofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord, lakini ualimu haukukutoka. Ulisema muntu hawezi kujua historia yote, basi ajue mwaka mmoja vizuri. Karatasi moja, sehemu tatu: waliozaliwa, waliokufa, yaliyotukia. Ulichagua 1477, na uliutaja kwa Kifaransa, polepole, kama jina la jamaa yetu. Nilipokuwa mdogo tuliukariri kwenye tramu ya kwenda Auderghem.

"Januari?"

"Mukubwa wa hizi inchi anakufa ku vita, mu theluji."

"Wanamuona siku gani?"

"Kiisha siku mbili. Maji ilimugandisha. Wanamujua kwa meno yenye ilikosekana."

"Na watu wake?"

"Wanakatala. Wanasema atarudia."

Mama mmoja wa kwetu aliyekaa mbele yetu alihama kiti, akinung'unika kwamba mtoto hafundishwi mambo ya maiti. Ulicheka hadi ukavua miwani.

Nilipomleta Issa nyumbani, Noeli ya mwaka jana, hukucheka. Ulimkaribisha vizuri, ukamjazia sahani, ukamuuliza habari za Bujumbura, za msikiti wake na za kazi yake ya kutunza wazee. Kisha ukasema, "Bon, kijana. Weye unaomba na luga yako, mutoto yangu na yake. Mutasikilizana namna gani?" Issa akajibu, "Papa, tutafundishana."  Mlangoni nilikushika mkono nikakuomba neno moja tu, ndiyo au hapana. Ukasema, "Ngoja nimalize mwaka wangu, nitakujibu." Ulikuwa unaiandika upya ile karatasi, kwa kuwa ya zamani ilichanika.

Januari ukatoka kutembea msituni, kama kila Jumapili. Walikuona baada ya siku mbili, kando ya bwawa lililoganda. Daktari alisema ni moyo. Uso wako ulikuwa umeharibiwa na barafu, kwa hiyo waliniuliza kama kuna alama. Nikataja pengo la meno yako upande wa kushoto. Nilipolitaja, nilisikia sauti yangu ya utotoni, ile ya kwenye tramu.

Maman alikataa. Hadi Pasaka aliweka sahani yako mezani.

Tonton, mdogo wako, alimjibu Issa kwa niaba yako. Lakini mimi sikulitaka neno la Tonton, nilitaka lako. Kwenye ukumbi tuliotaka, nafasi iliyobaki ilikuwa Agosti, tukaichukua. Naapa sikukumbuka. Nilikumbuka asubuhi ya arusi, nikiwa nasukwa, kwamba kwenye karatasi yako Agosti ni mwezi ambao binti wa yule mtawala aliyekufa kwenye theluji anaolewa. Nikamwambia msusi asimame kidogo.

Unajua desturi ya nyumba yetu: baba asipokuwepo, koti lake linakaa kitini, na binti anashika mkono wa koti wakati wa baraka. Maman alimtuma Tonton alete koti lako la Jumapili. Nikapiga magoti, nikashika. Maji yakanitoka katikati ya vidole, baridi kama ya bwawa. Ilikuwa Agosti, Papa, watu walikuwa wanajipepea.

"Tonton, ni koti gani hii?"

"Ni ya Papa. Nilikamata yenye nilikuta mu sashe, nikasema donc Maman aliitayarisha."

Maman akaziba mdomo. Lilikuwa koti ulilokutwa nalo. Hospitali walitukabidhi likiwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na hakuna aliyethubutu kuufungua. Msitu ulikuwa umekaa humo miezi saba. Tonton alitaka kuliondoa. Issa akasema, "Acheni. Alikuja na ile alikuwa nayo." Akapiga magoti karibu nami, akashika mkono wa pili.

Ndipo nikasikia karatasi ikikunjika mfukoni. Ilikuwa imelowa, lakini uliandika kwa kalamu ya bic, na bic haiogopi maji. Mwaka ulikuwa umekamilika, Januari hadi Desemba. Mstari wa kwanza: "Januari. Baba anakufa mu baridi." Hukuandika mtawala. Uliandika baba. Nilisoma haraka hadi Agosti: "Mutoto anaolewa. Bwana anatoka mbali, hawana luga moja. Watafundishana." Umelipigia mstari neno la mwisho, wewe ambaye hukupigia chochote mstari maisha yako yote.

Nililia hadi wanja ukanifika shingoni. Nilipata jibu langu. Lakini Papa, ule mstari wa kwanza, ulikuwa unaandika habari za nani?

Leo ni mwisho wa Desemba. Koti linaning'inia karibu na radiata. Limekauka lote, isipokuwa ule mkono nilioushika. Kila nikiugusa una unyevu. Jana Issa aliniuliza, "Na yule bibi harusi wa zamani, aliishia namna gani?" Nikamwambia karatasi ya Papa inaishia Desemba. Vitabu vipo, ningeweza kutazama. Sitatazama.

Kesho Januari inaanza, na haimo kwenye karatasi yoyote. Tumepanga kwenda hadi bwawani, mimi na yeye, tukupe salamu, kila mtu kwa lugha yake. Usitusindikize kurudi, Papa. Baki salama.

Mutoto wako, na mke wa Issa