Kuvuka Mugamba na Kaka Gervais

Alhamisi, 11 Julai

Tumetembea tena. Kutoka nyumbani Kibenga, hapa Bujumbura, hadi karibu na bandari, kisha kurudi. Kaka Gervais mbele, mimi nyuma, kama wiki zote hizi. Namtazama mgongo. Akikohoa naogopa. Akinyamaza naogopa zaidi.

Mwaka jana moyo ulimwangusha kazini, bandarini, akiwa kwenye winchi. Daktari alimwambia atembee. Sasa anataka twende kwa miguu mpaka kwetu Bururi, kuvuka milima ya Mugamba. Nilimwambia kwamba daktari hakumaanisha hivyo.

"Alisema nitembee," akanijibu. "Hakusema mwisho ni wapi."

Mke wake alishafariki. Watoto wako mbali. Shule zimefungwa, kwa hiyo mimi mwalimu sina kisingizio. Tunaondoka kesho. Sitaki kwenda.

Ijumaa, 12 Julai

Siku nyepesi. Tambarare, ziwa mkono wa kulia, michikichi, akina mama wanaanika ndagala, dagaa wa ziwani. Kaka aliimba njia nzima. Nina malengelenge kisiginoni. Tunalala kwenye nyumba ya wageni ya parokia.

Kutoka dirishani naiona milima. Afadhali nisingeiona.

Jumamosi, 13 Julai

Kupanda. Kupanda tu.

Mvua haijanyesha tangu Mei. Udongo mwekundu unateleza kama unga. Vijito vimekauka, yamebaki mawe. Nyasi zinavunjika ukizigusa. Kaka anasimama kila kona na kujifanya anatazama ziwa kule chini. Midomo yake ilikuwa na rangi ya kijivu. Nilisema turudi.

"We rudi, Odeta. Mi naendelea."

Kwa hasira, kama vile nimemtukana. Nikamfuata nikilia. Hakugeuka, hakuona.

Tumelala kwa Beatrisi, niliyesoma naye ualimu. Anasema chemchemi ya juu imekauka, tubebe maji mengi. Anasema pia watu wanachoma malisho siku hizi ili nyasi mpya ziote. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida tu, akimenya viazi.

Jumapili, 14 Julai, mchana

Naandika nimekaa juu ya jiwe. Kaka amelala pembeni, kofia usoni. Nimeweka mkono kifuani pake. Moyo unakwenda mbio, unasita, unakwenda mbio tena.

Hakuna mtu. Burundi yetu hii iliyojaa watu, na leo mlima mzima hauna hata mbuzi. Watu wote wako kanisani. Imebaki chupa moja, maji ya moto. Kuna moshi nyuma ya kilima kinachofuata. Mwembamba. Kaka anasema uko mbali.

Upepo umegeuka. Namwamsha.

Jumatatu, 15 Julai

Kituo cha afya. Nisipoandika sitatulia.

Moto ulitoka bondeni. Niliusikia kabla ya kuuona, kama mvua ya mawe juu ya bati. Kaka alisimama, akapiga hatua chache, akapiga magoti. "Miguu imekataa," alisema. Kushoto ulikuwa umeshapita, ardhi nyeusi, moshi mdogo unatoka chini. Kati yetu na pale palikuwa na mstari wa miali. Mahali pamoja ng'ombe walikuwa wamekula nyasi zote, miali ikawa mifupi. Nikamshika mkanda wa suruali na kumvuta. Tukaruka. Sketi yangu ilishika moto, nikaizima kwa viganja. Alianguka kwenye majivu na mimi nikaanguka juu yake. Moto ukapita nyuma yetu ukinguruma, ukaenda zake.

Tuko hai, nikafikiri. Kisha nikakumbuka chupa. Imebaki kwenye jiwe, na jiwe liko ndani ya moto.

Aliomba maji. Akaomba tena. Halafu akauliza kama boti ya Kigoma imefika.

"Kaka, hatuko bandarini."

"Waambie wangoje. Mi nashuka sasa."

Macho yake yalinitazama bila kunijua. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama sufuria. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Moto haukuwa kitu.

Nikikaa naye, anakufa mbele yangu. Nikienda, anakufa peke yake. Nilimwambia naleta maji. Akanishika kidole.

"Mama, usiniache."

Mama yetu amekufa zamani. Nikakitoa kidole changu mkononi mwake. Nikakimbia.

Nilishuka nikianguka. Chini nilikuta watu wanatoka kanisani, wanawake na nguo zao nzuri za Jumapili, wakanitazama kama mzimu. "Kaka yangu," nikasema. Nilionyesha juu. Mama mmoja akanipa maji, nikakataa kunywa, nikaishika tu ile galoni. Wanaume wanne wakaenda kuchukua ingobyi, ile machela ya kusuka ya kubebea wagonjwa.

Tukapanda. Nilipofika juu sikujua mahali. Kila mteremko mweusi. Kila jiwe jeusi. Sikuwa nimeacha alama yoyote. Niliita mpaka koo likakauka. Nilikwenda huku, nikarudi, nikaenda kule. Nilisema moyoni: nimemwua. Nimemwacha, na sasa hata maiti sitaipata.

Mmoja wa wale wanaume ndiye aliyekiona kiatu. Kaka alikuwa amejikokota mpaka kwenye mtaro, penye kivuli. Majivu kwenye kope. Mdomo wazi. Sikumkaribia. Nilishindwa. Yule mwanaume aliinama, akammwagia maji shingoni.

Akakohoa.

Nilimpiga begani, kwa nguvu, na watu wakitazama. Kisha nikambembeleza anywe kidogo kidogo.

"Umekawia," alisema.

Walimbeba wakipokezana mabega mpaka jua likakaribia kuzama. Mzee aliyekuwa nyuma alikuwa akiniambia "ihangane, ihangane," nivumilie. Sijui majina yao wote. Nesi ameweka dripu. Anasema moyo unapiga vibaya, lakini unapiga.

Jumanne, 16 Julai

Gari la wagonjwa halina mafuta. Tumepata pikapu ya viazi inayoshuka Bujumbura. Kaka amelala juu ya magunia, mimi nimemshika mkono. Kila kona nahisi tutaanguka.

Karibu na mjini alifungua macho. "Tulikuwa karibu kufika," akasema.

Nilimchukia kidogo. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 20 Julai

Kibenga. Alikaa hospitali hadi jana. Dawa mpya, na daktari amemfokea vya kutosha.

Viganja vyangu vinaanza kupona. Nimefua soksi zake, maji yametoka meusi mara tatu.

Asubuhi alivaa shati safi, akasimama mlangoni.

"Naenda kununua mukate, mudogo wangu. Hapo kwenye kona tu."

Nilivaa ndapa miguuni nimfuate. Nikazivua. Nikakaa kwenye ngazi. Jirani alikuwa anafagia. Nilisikiliza ufagio wake, ukisimama, ukianza tena. Mikono nimeiweka magotini. Bado ninaogopa.

Geti likalia. Amerudi na mkate kwapani, ncha moja ameshaila njiani.