Nondo Aliyekugharimu Maisha

Baba Neema,

Nakuandikia gazetini ili wasome na waliokuua.

Unakumbuka ulivyonichosha mezani na nondo wako wa Uluguru, yule mdudu kama kipepeo, anayeruka mchana? Wali unapoa, wewe unachanachana gazeti lenye makala yangu. "Mama Neema, vinasaba ndivyo hivi. Mashine inasoma vipande. Sisi tunatafuta mwisho wa hiki unaofanana na mwanzo wa kile, mpaka ukurasa mzima urudi." Nikakwambia chana makala ya mwenzangu. Ukacheka hadi ukapaliwa.

Nondo mkavu hakukufaa. Vinasaba vyake vimeshavunjika. Ulitaka aliye hai, agandishwe papo hapo. Ndipo ukapandisha wavu na mtungi wa nitrojeni ya kimiminika, baridi kupita barafu, milimani, juu ya Kinole, mwaka uleule mwekezaji alipozungushia waya chemchemi ya watu, kwa baraka za wakubwa walioimba soko huria kama kwaya. Ulipoufungua, ukafuka moshi mweupe pasipo moto. Mahakamani nikasikia walivyopiga kelele wanakijiji: "Anamwaga sumu! Tufe, wachukue na mashamba!" Mawe, magongo, kisha mapanga. Mochwari nilikutambua kwa soksi. Jaji akasema hawakukusudia. Panga halikukusudia! Na mwekezaji hakuguswa hata ukucha. Walimwogopa mwenye waya, wakamchinja mwenye wavu.

Mwaka huu mwanafunzi wako Zuhura akataka kurudi kulekule kumaliza kazi yako. Nikamwambia, "Huendi peke yako."

Tulipanda na mtungi mpya. Nikaufungua mbele ya wanakijiji walewale, wakarudi nyuma. Nikamwita aliyerusha jiwe la kwanza, ametoka kifungoni. "Njoo, weka mkono."

Akauweka juu ya moshi. "Kumbe baridi tu, mama."

Baridi tu! Nikaudaka mkono ule, nikaanza kuuzamisha mtungini. Nilitaka uvunjike kama glasi. Zuhura akanikumbatia kwa nyuma. "Mama, ukimuumiza tunafukuzwa. Nondo hatumpati, na kazi ya mwalimu inafia hapa!"

Nikauachia.

Alasiri ile Zuhura alimnasa nondo, akamgandisha angali anapiga mabawa. Juzi amenipigia simu analia: vipande vyote vimeungana, kila kromosomu, mwanzo hadi mwisho. Kazi yako imetimia, mpenzi wangu, nami nimelia mpaka macho yamevimba.

Sasa watu wa amani wananiuliza kama nimesamehe. Mkono wa mtu yule niliuacha mzima. Wasiniombe zaidi.

Lala, baba. Huku bado napigana.

Mkeo,
Mama Neema