Uma wa Kaka Yusufu

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku Naipingo wazima, alhamdulillahi. Kifua cha babu yako kimepoa, na ufuta tumeshavuna.

Umeniuliza ujizoeze nini wiki hizi mbili kabla ya kwenda kusoma Ulaya. Nimemkumbuka kaka yangu Yusufu, miaka ile ya hamsini alipochaguliwa kwenda kusoma Uganda. Alinunua uma pale Nachingwea mjini, akawa anajizoeza kulia ugali wa mtama, kajitenga pembeni na sahani yake, sisi wengine tuko kwenye sinia moja.

Mama akamwuliza, “Yusufu, ugali umekukosea nini hata uuchome mkuki?”

“Mama, huko watanicheka.”

Jioni ya mwisho mama alipika kisamvu cha karanga. Kaka alikila macho yakiwa kwenye uma, usije ukamponyoka. Asubuhi akapanda treni.

Barua yake ya kwanza ilisema bwenini wenzake wote wanakula kwa mkono. Chini akaandika, “Mwulizeni mama kile kisamvu kilikuwaje. Sikumbuki.”

Mama aliposomewa alicheka, halafu akajifuta macho kwa kanga.

Basi njoo, mjukuu wangu. Ijumaa, inshallah, natwanga kisamvu. Uma utaukuta huko huko.

Bibi yako anayekuombea,
Somoe