Huyu Mama Yuko na Nani?

Jumapili, 9 Juni. Asubuhi ya manyunyu na baridi.

Mama, shikamoo.

Ulifika salama? Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila chakula hakipiti tangu uondoke.

Juzi kwenye jumba la sanaa tulikuwa pamoja mpaka chumba cha tatu. Ulipochoka ukakaa kwenye kile kiti chekundu, hukujua kwamba nacho ni cha maonyesho, kimewekwa kutazamwa tu. Mlinzi akaja mbio, akauliza, "Huyu mama yuko na nani?" Bosi wangu na mkewe ndio kwanza walikuwa wanaingia. Nikageukia picha ukutani. Nikakusikia ukijibu, "Niko peke yangu, mwanangu."

Ulinisitiri, nami nikakubali kusitiriwa. Nilikufuata nje baadaye, lakini hata kwenye basi sikuligusa neno hilo. Kesho yake ukaondoka kabla ya chai. Nisamehe.

Mwanao.

*

Alhamisi, 20 Juni

Mwanangu, marahaba.

Nilifika salama. Magoti ni yaleyale, yanaamka kabla yangu. Dada yako amecheka mpaka machozi kusikia habari za kiti kisichokaliwa. Anauliza kama na vyungu vyao havipikiwi. Ya mlinzi nimemsimulia. Yako nimeyaacha.

Lakini usinipe wema usio wangu. Sikukusitiri. Nilikutazama kwanza, nikaona mgongo. Nikamjibu yule kijana nilichokiona.

Kula, usijikondeshe.

Mama.

*

Jumamosi, 29 Juni. Asubuhi palikuwa na jua, baadaye mawingu.

Mama, shikamoo.

Natumaini hujambo, na dada pia. Mimi afya ninayo.

Leo nimerudi pale. Kiti sasa kimezungushiwa kamba. Mlinzi alikuwa yuleyule, nikamwambia kwamba yule mama aliyekaa hapo ni mama yangu mzazi.

"Najua," akasema. "Sura moja. Nilikuwa nakuuliza wewe, dada."

Kumbe hata kujificha sikujificha. Na bosi wangu naye ana macho.

Jumamosi ijayo nakuja. Usimwambie dada lolote. Nitamsimulia mwenyewe, mbele yako, ile sehemu uliyoiacha. Ukitaka kunipa mgongo siku hiyo, nipe. Nitakaa hapohapo mlangoni, na atakayepita akiniuliza niko na nani, nitamjibu.

Barua hii nimeichana na kuianza upya mara kadhaa. Sasa ni saa tisa usiku. Nazima taa.

Mwanao.