Ukielewa, Mfundishe Jirani

Jumatatu, 4 Machi
Leo kaja. Malkia mwenyewe, kwenye Kituo cha Msaada wa Masomo — palepale alipopabatiza "wodi". Mwaka wa kwanza, nilipokuwa nasaidiwa pale, alisimama mlangoni mwa bwalo akaniuliza mbele za watu kama daktari kaniruhusu kutoka. Bwalo zima likacheka. Nikabeba sahani yangu nikaenda kulia chooni. Sijasahau hata siku moja.

Sasa mkufunzi ni mimi, mgonjwa ni yeye. Akifeli takwimu mara hii, chuo basi. Mcheka kilema hafi bila kumfika. Nimerudi chumbani nacheka peke yangu.

Jumanne, 5 Machi
Sheria za kituo ni mbili tu, zimebandikwa ukutani: mkufunzi hashiki kalamu; na ukielewa, mfundishe jirani. Basi sikushika kalamu. Nikakaa nikamtazama anatafuta namba ya kati bila kuzipanga kwanza, ndogo hadi kubwa. Kachukua tu iliyokaa katikati ya mstari. Kosa la kitoto. Akaniuliza, ni hivi? Nikamwambia ndivyo, umeshaelewa. Akashukuru, eti hakujua nina roho nzuri.

Roho nzuri! Mtihani ni Ijumaa. Atanitambua.

Jumatano, 6 Machi
Mama kapiga simu. Mdogo wangu, aliye mwaka wa kwanza hapahapa, ana mtihani huohuo, hali wala halali kwa woga. Eti nimsaidie. Nimesema aje kesho kituoni.

Alhamisi, 7 Machi
Nimechelewa — mkuu wa kituo kaniita ofisini, kunipongeza. Malkia kamwambia namfundisha vizuri mno.

Naingia, meza imejaa. Malkia yuko ubaoni, chaki mkononi, anafundisha namba ya kati. Kosa lilelile. Sheria ya pili, jamani, nimeisahau vipi? Watu sita wananakili. Mdogo wangu kakaa mbele, uso umenawiri. Ananinong'oneza, dada, huyu anaeleza kukushinda wewe.

Mdogo wangu nitamrekebisha usiku, chumbani. Na hawa wengine? Siku ile ya bwalo hakuna kati yao aliyenicheka hata mmoja. Lakini nikisema ni kosa, watauliza nani alimwambia ni sawa. Na mkuu kaja nyuma yangu, kasimama mlangoni.

Nimeinamia daftari hili najifanya naandika mpango wa somo. Malkia kaniita mara ya pili. Eti mwalimu, hebu wathibitishie, si ndivyo ulivyonifundisha? Mdogo wangu kageuka, kalamu juu, anangoja jibu langu aandike.